Dawa Kwenye Friji ya Bucha

Jumapili, 3 Machi

Mvua za msimu zimeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili nililinunua niandikie vipimo vya wateja, lakini vipimo vya watu nimezoea kuviweka kichwani. Acha vibaki huko. Haya mengine ndiyo yahamie hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ana bucha, na mtaa mzima unamwita Steki, hata mimi. Tuko mwaka wa saba wa ndoa na hatujapata mtoto. Tumeshajaribu mara mbili ile njia ya hospitali, ambayo mayai yangu na mbegu zake vinakutanishwa maabara, halafu kinachopatikana kinarudishwa tumboni mwangu. Mara ya kwanza hakikushika. Mara ya pili kilishika, nikakibeba wiki chache, kikatoka. Juzi Steki ameuza pikipiki yake, na tumeambiana kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Siandiki hivyo kwa kujililia. Nataka tu siku ya mwisho nijue kwamba niliifanya sawasawa.

Kusali niliacha baada ya ile ya pili. Sikugombana na Mungu. Niliacha tu kumsalimia, kama unavyomfanyia jirani aliyekuona umeanguka kwenye tope akapita zake.

Ijumaa, 8 Machi

Kliniki. Benchi ni lile lile la bluu, linafuata ukuta wa korido mpaka konani, kisha linakunja na kuendelea. Wanawake tumekaa tumekumbatia mikoba, hakuna anayemtazama mwenzake. Konani kuna yule dada niliyemwona pia mwaka jana. Anakaa pale pale siku zote, ameegemeza kichwa panapokutana kuta mbili, na anasali kwa sauti. Si kunong'ona. Ni sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani na muuzaji yuko nyuma stoo. Anamtajia Mungu hadi ukubwa wa mayai yake kwa milimita. Nesi alichungulia akamwambia, "Dada, punguza sauti." Akapunguza, akaendelea.

Nimempa jina la Dada wa Kona. Simpendi, na sababu yangu ninayo. Kama anayepiga kelele na aliyenyamaza wote tumekaa benchi moja, faida ya kelele ni ipi?

Nesi alitufundisha upya kujichoma. Steki, ambaye anapasua ng'ombe mzima kabla ya kunywa chai, akiona sindano anatafuta mlango. Pakiti ilipofunguliwa tu akasema anakwenda kuangalia kama mvua imekatika. Siku hiyo halikuwa limeanguka hata tone. Nesi akaendelea na mimi peke yangu: dawa zikae mahali pa baridi, zisipate joto, na hata siku moja zisigande.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Sare za shule. Kiuno kinauma.

Alhamisi, 14 Machi

Sindano ya kwanza, saa moja jioni. Mimi sindano nimeishika tangu sijavunja ungo, hainitishi. Nimejichoma mwenyewe pembeni ya kitovu, Steki akiwa nje ameshikilia mlango kana kwamba ungekimbia.

Friji yetu ya nyumbani ilikufa zamani, siku hizi tunahifadhia sufuria. Kwa hiyo dawa zinalala buchani, kwenye friji ya kioo, ndani ya kopo la biskuti, katikati ya maini na utumbo. Kila jioni Steki ananiletea moja imefungwa kwenye gazeti pamoja na barafu. Leo mteja ameliona kopo akauliza kama ni figo. Steki akamjibu kwamba ndiyo, ni figo za mtu, zimeshalipiwa. Mteja ameondoka bila nyama. Nilicheka mpaka tundu la sindano likaniuma upya.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe amepiga simu kama kila Jumapili. Anafuga kuku, na mazungumzo yake huanza na kuku: nani ametaga, nani ameatamia, nani amekula mayai yake mwenyewe. Halafu ndipo linakuja swali. "Na huko kwenu?" Simu ilikuwa imewekwa spika, nami nilikuwa napiga pasi. Steki akasema huku ni mvua tu. Mama mkwe akasema kuku asiyetaga mwaka wa kwanza unamvumilia, lakini mwaka wa saba... akaliacha neno likining'inia. Steki alicheka kicheko kifupi, akaaga.

Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Kasoro iliyoonekana kwenye vipimo si yangu. Daktari alisema wazi mbele yetu sote wawili: mbegu za Steki ni chache na mwendo wake ni mbovu. Kwa hilo sina neno naye, mwili ni mwili. Lakini mama yake anaamini ni mimi, na Steki amemwacha aamini. Nikimgusia, ananiambia nimsubiri apate pa kuanzia. Pa kuanzia ningempa mimi bure: "Mama, ni mimi." Yanatosha kwenye pumzi moja.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepimwa. Mayai yanakua vizuri. Nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa karibu na Dada wa Kona, nikakaa. Kumbe ni msusi, ana saluni nyuma ya kituo cha mafuta. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Aliacha mbegu zake maabara akarudi barabarani, kwa hiyo dada anakuja peke yake kila mara. Yote haya ameniambia bila kuulizwa, nami nikajibu kwamba mimi ni fundi cherehani, basi. Mwisho akaniwekea mkono begani akasema, "Fundi, tuombeane."

Nikamwambia, "Dada, wewe omba zako. Mimi niache."

Akautoa mkono, wala hakununa. Akasema watu wanadhani anasali kwa sauti ili aonekane mcha Mungu, kumbe akisali kimya anasinzia. Pale sikucheka. Nimecheka sasa nikiandika, na nimejiudhi.

Jumanne, 19 Machi

Radi imepiga transfoma, mtaa mzima hauna umeme. Nimeshonea cherehani ya mguu. Steki ameleta dawa ya leo bado ina baridi. Nilimuuliza kuhusu za kesho, akasema nimwachie yeye, mambo ya baridi ndiyo kazi yake.

Jumatano, 20 Machi

Nitaandika taratibu.

Jioni Steki aliingia amelowa chapachapa, anatabasamu. Akafungua gazeti juu ya meza. Niliigusa dawa kabla sijaiona vizuri, nikaikuta ngumu. Niliinyanyua dirishani. Ndani ilikuwa nyeupe, barafu tupu. Nikamuuliza zingine ziko wapi, akasema zote ziko salama.

Akaanza kunieleza kwa furaha. Asubuhi friji ya kioo ilikuwa imeanza kutoa jasho. Akaona dawa zitaharibika. Akachukua kopo zima akalishusha kwenye friza kubwa, chini kabisa, chini ya mapaja ya ng'ombe, ambako hata umeme ukikatika siku kadhaa barafu haiyeyuki. "Nyama ya pale chini," akasema, "hata ikae mwezi, ukiiyeyusha ni kama ya leo." Alikuwa anasubiri nimsifu.

Wakati nesi anasema zisigande, yeye alikuwa nje anaangalia mvua ambayo hainyeshi.

Nilimwambia, "Umenigandishia mtoto wangu, Steki." Uso wake ulivyobadilika sitausahau. Na sikuishia hapo. Nilimtolea yote, la mama yake, la kuku, la miaka yote ninayobeba mzigo ambao hata si wa saizi yangu. Nilimwambia anaogopa sindano kwa sababu anaogopa kila kitu. Alikaa chini sakafuni na nguo zake za maji.

Nikampigia nesi. Aliniuliza mara mbili kama zimeganda kweli, nikajua. Alisema dawa ikishaganda imekufa, nisithubutu kuichoma, niende asubuhi wakifungua. Ila akaniambia ukweli: hana hakika kama zipo, maana daraja limezama na gari la dawa limekwama ng'ambo. Ya leo ningeweza kuifidia kesho asubuhi. Ikipita kesho, mayai yataacha kukua na safari hii itafutwa.

Steki ameitia ile dawa kwenye viganja vyake anaipasha, ingawa nimemwambia haifufuki. Sikumkataza tena. Nimejisikia mpweke kuliko hata siku ile kilipotoka, kwa sababu siku ile nilikuwa bado na wa kumlilia.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nesi alifungua kabati mbele yangu, rafu ya dawa zangu ilikuwa tupu. Akapiga simu hospitali nyingine, akapiga maduka ya dawa, kila mahali jibu ni daraja. Akaniambia nikae, aendelee kujaribu. Sauti aliyoitumia ndiyo ile wanayotumia watu wakati wameshakata tamaa kwa niaba yako.

Nikakaa. Nilikuwa nimeamua jambo moja: sitaondoka kwenye lile benchi mpaka wafunge mlango. Kama ni kufutwa, watanifuta nikiwa nimekaa hapo.

Dada wa Kona akatoka chumba cha daktari, akaenda konani kwake, akaegemeza kichwa. Hakusali. Benchi zima liliusikia ule ukimya, hata nesi alichungulia. Baada ya muda akaniuliza, akiwa bado amefumba macho, nimeambiwaje. Nikamweleza yote, bucha, friza, daraja. Nilipofika kwenye mapaja ya ng'ombe, mdomo ulimcheza kidogo.

Yeye safari yake ilikuwa imefutwa dakika chache tu kabla. Mayai yamegoma kukua. Daktari amemwambia apumzike, ajaribu tena mwakani.

Alikuwa na chupa pana ya chai kwenye mkoba. Akaifungua. Ndani kulikuwa na barafu, na ndani ya barafu kulikuwa na dawa zake zilizobaki, alizokuja nazo nesi azikague. Akaniwekea chupa mapajani.

"Ni zile zile. Soma jina."

"Siwezi kuchukua, dada. Utazihitaji."

"Nitahitaji mwakani. Hizi mwisho wake mwezi wa tano. Unataka nikawapake wateja kichwani?"

Nikamwambia kwamba juzi nilimjibu vibaya.

"Ulijibu kama mtu aliyechoka," akasema. "Hata mimi leo nimemjibu hivyo hivyo." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Tumenuniana. Lakini hatujaachana."

Nesi alikagua kila moja, muhuri, tarehe, ubaridi. Akaingia kwa daktari, akakawia, akatoka. Akasema, "Huwa hatufanyi hivi. Leo tunafanya." Nikajichoma pale pale nyuma ya pazia, Dada wa Kona amenishikia blauzi. Nilitaka kumshukuru. "Asante" ilikuwa kitambaa kifupi, haikutosha nguo niliyotaka kushona. Nilipomaliza kufunga vifungo alikuwa ameshavaa koti lake la mvua na kuondoka, hata ile chupa ameniachia.

Ijumaa, 22 Machi

Umeme umerudi. Steki hajaenda bucha asubuhi. Alikaa kitandani na simu mkononi, akaniomba nisitoke. Akampigia mama yake, na hakumngoja afike kwenye kuku.

"Mama, si yeye. Ni mimi. Tangu mwanzo daktari alisema ni mimi, na mimi nilinyamaza."

Tulisikia kuku wakilia upande wa pili. Mama mkwe akasema, "Sawa," simu ikakatika. Steki alikuwa anatetemeka kuliko akiwa mbele ya sindano. Hasira yangu haijaisha. Lakini nilimtengenezea chai, nikamwekea sukari ya kutosha, naye akajua maana yake.

Jumapili, 24 Machi

Mama mkwe amepiga kwenye simu yangu. Haijawahi kutokea. Aliongea kuhusu kuku mpaka nikaweka pasi chini. Halafu akasema yule jogoo aliyekuwa akimsifia kila siku amemchinja, maana ni kelele tu. Sikujua kama tunaongelea jogoo. Nikasema pole. Akasema, "Kula vizuri, mama," akakata.

Tangu niolewe hajawahi kuniita mama.

Jumatano, 27 Machi

Mayai yametolewa. Nilipozinduka, Steki alikuwa pembeni, naye ameshafanya upande wake, ana uso wa mtu aliyetoka kwenye mtihani wa hesabu. Sasa ni kazi ya maabara.

Alhamisi, 28 Machi

Kuna sindano nyingine imeanza, dawa nzito kama mafuta, inachomwa kwenye kalio kila jioni. Mwenyewe siwezi kufika. Nilikuwa nimepanga kumlipa mtu. Steki akasema hapana, atachoma yeye.

Kumbe tangu wiki iliyopita amekuwa akijifunza. Alikwenda kwa nesi bila kuniambia, akasimama akaangalia mpaka mwisho, akapewa bomba la sindano na maji. Akarudi bucha, akawa anachoma nyama ya paja. Watu wakamwona. Uvumi ukaenea mtaani kwamba Steki anajaza nyama maji ili iongezeke uzito, na wateja wawili wakamjia juu kwa matusi. Angeweza kujitetea kwa uongo wowote. Aliwaambia, "Najifunza kumtunza mke wangu," akakata ule mnofu akawatupia mbwa.

Leo alichoma. Mkono haukucheza. Alipomaliza akakaa chini, kichwa katikati ya magoti, nami nikampepea kwa kipande cha bitana. Hasira yangu nimeitafuta jioni hii sijui nimeiweka wapi.

Jumatatu, 1 Aprili

Kati ya vyote kimepona kiinitete kimoja. Wamekirudisha leo. Kwenye skrini kilikuwa kidoa cheupe, mdogo wake ncha ya sindano. Steki alisema, "Karibu nyumbani," halafu akaona haya kwa sababu daktari alimsikia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Nimeambiwa nisinyanyue kitu kizito. Steki amenipokonya hata mkasi.

Jumamosi, 6 Aprili

Sindano. Mvua. Sindano.

Jumanne, 9 Aprili

Matone ya damu, kama mara ya pili. Nilikaa chooni nikiangalia, mlango umefungwa, Steki akigonga. Nesi kwenye simu alisema inaweza kuwa chochote, niendelee na dawa mpaka siku ya kipimo. Steki aliniuliza kama tuendelee kweli. Nikamgeuzia kalio nikamwambia, "Choma."

Ijumaa, 12 Aprili

Siku ya kipimo. Wamechukua damu, wakasema tusubiri. Steki hakuweza kukaa, akaenda kusimama nje kwenye mvua, safari hii mvua ya kweli.

Benchi lilikuwa limejaa, lakini konani hapakukaa mtu. Nadhani sisi sote tunaona ni pake. Nikaenda nikakaa. Nikaegemeza kichwa panapokutana kuta mbili, nikakuta rangi imelika na pana utelezi wa mafuta ya nywele. Dada yule amekuwa hapo miaka mingapi?

Nilikusudia kujiombea. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga, ya ukali kidogo, maana Mungu naye ana la kujibu. Badala yake yaliyonitoka yalikuwa kuhusu Dada wa Kona: mkumbuke yule dada, usimwache anune peke yake. Yakishafunguka hayo, mengine yakafuata bila mpangilio. Nikashukuru kwa ile chupa ya chai. Nikashukuru kwa mkono wa Steki uliotulia, na kwa nesi aliyesema leo tunafanya. Nikashukuru hata kwa jogoo. Nililia, na sikuficha uso.

Ukianza mshono unarudi nyuma kidogo kwanza, ndipo unakwenda mbele. Usipofanya hivyo unafumuka. Nimewafundisha hilo wasichana wote waliopita dukani kwangu, na leo nimekumbuka kwamba nimeshukuru kabla sijajua jibu. Sikufanya biashara na Mungu. Nilikuwa namsalimia tu, baada ya muda mrefu.

Nesi alikuja mwenyewe mpaka konani, akachuchumaa, akanishika goti. Akasema, "Imeshika."

Jumatano, 17 Aprili

Imeshika. Naandika tena nione.

Ijumaa, 3 Mei

Moyo. Tumeuona ukicheza kwenye skrini, halafu daktari akafungulia sauti. Steki alisema unakwenda mbio sana, anaogopa nini? Daktari akasema ndivyo walivyo. Steki akanishika mkono akauminya mpaka pete ikaniumiza, nami nikamwacha.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilikuwa nimejiahidi kwamba Dada wa Kona ndiye atakayesikia kwanza, na njia nzima nilitamani nisingeahidi. Unampelekeaje mtu habari ya furaha iliyotoka mkobani mwake? Nilipita saluni mara mbili bila kuingia. Mara ya tatu aliniona kwenye kioo, vidole vikiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Moyo umedunda?" akauliza.

"Umedunda."

Alisuka ule mstari mpaka mwisho, akaufunga. Akamwomba mteja amvumilie, akaingia chumba cha nyuma. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa, likakaa wazi muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Nimefurahi na nimeumia," akasema. "Vyote viwili ni vyangu, Fundi, usininyang'anye hata kimoja."

Nikamwambia sitamnyang'anya. Nikamuuliza kama atapenda tusionane kwa muda, mpaka apoe.

"Ukimficha huyo mtoto ndipo nitakununia. Utamleta. Nataka nione dawa zangu zilikwenda wapi."

Nikamwambia mwakani akirudi kliniki hatakaa peke yake, nitakuwa naye.

"Utasali?"

"Nitajaribu."

"Kwa sauti?"

Mteja alikuwa ananitazama kwenye kioo, nywele nusu. Nikaaga.

Jumanne, 28 Mei

Mvua zimekatika. Sindano za Steki zimekwisha, na nadhani anazikosa. Mama mkwe ametuma mayai, kila moja amelifunga peke yake kwenye gazeti. Nafunga daftari.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Nimelikuta daftari chini ya marobota ya vitambaa, kurasa zimebaki, na leo nina la kuandika.

Binti yetu alizaliwa Desemba. Ana jina zuri tulilompa, lakini Steki alimwita Figo siku ile ile aliyotoka hospitali, kwa heshima ya yule mteja aliyekimbia, na sasa mtaa mzima unaniita Mama Figo. Mama mkwe yuko hapa tangu alipozaliwa. Alisema amekuja kwa wiki moja. Kuku wake wanalelewa na majirani.

Leo nilikuwa kliniki na Dada wa Kona. Ameanza tena, na leo ndiyo siku ya kuangalia kama safari hii mayai yamekua au yamegoma. Alikuwa amekaa pale pale, chupa ile ile mapajani, maana nilimrudishia. Nilikuwa nimemfunika mtoto kwa khanga nisiwachome wenzangu wa benchini macho, kwa kuwa najua benchi lile linavyoona. Yeye akaifunua.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo."

Alimwangalia kwa muda, vidole, nywele, masikio. Akasema, "Zimetumika vizuri." Mwanamke wa pembeni, ambaye simjui, akanyoosha mikono. Nikampa ambebe kidogo, naye akamweka khanga vizuri, akamrudisha.

Kisha nesi akaita. Dada wa Kona alisimama, akakaa tena. Nikamwona midomo inatafuta na haipati. "Leo sauti imenikauka, Fundi," akasema. Nikamwambia aende tu, nitaibeba mimi. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Nikahamia konani na mtoto kifuani. Nikaegemeza kichwa pale palipolika, nikaanza kimya, kwa adabu. Joto la mtoto, mvua kwenye mabati, usiku sijalala vizuri tangu Desemba. Nikajikuta nasinzia. Nikashtuka, nikakaa wima, nikaanza upya kwa sauti. Nilimtajia Mungu jina la dada, jina lake kamili. Nikamtajia dereva aliye barabarani. Nikamtajia mayai, kwa milimita, kama mwenyewe alivyokuwa akifanya, na wanawake wakageuka kunitazama.

Nesi akachungulia.

"Mama," akasema, "punguza sauti."

Sikupunguza.